Maharage Chini ya Mhimili wa Tatu

Andongwisye Kibona alikuwa mlinzi wa daraja, na ukimwambia kwamba daraja haliwezi kuibwa, alikuwa anakutafutia jiwe ukae akueleze. Nati zinaibwa. Vyuma vya pembeni vinaibwa. Enzi za ujana wake, alipokuwa utingo wa malori, aliona kwa macho yake mawili kibao cha "Punguza Mwendo" kimegeuzwa mlango wa choo cha mtu.

"Sasa mtu aliyekwenda kujisitiri na kibao cha barabara," alikuwa akiuliza, "daraja litamshinda nini?"

Daraja lake lilikuwa nje kidogo ya Mpemba, kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, juu ya kijito ambacho wakati wa kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa tumbo. Madereva waliliita Daraja la Breki, maana siku mbaya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde ilikuwa inaishia hapo, na siku mbaya zilikuwa nyingi kuliko nzuri. Lilikuwa limelazwa juu ya mihimili minne ya chuma, na Andongwisye aliifahamu yote minne kama mtu anavyofahamu ng'ombe wake.

Alikuwa mtu wa Ileje, aliyeteremka kutoka milimani akiwa na miaka ishirini, na sasa alikuwa na hamsini na sita, kitambi cha wastani, mke aitwaye Tulinagwe, na filimbi. Vitu viwili vilimtoa katika utu wake: mtu kuwasha moto chini ya daraja, na chakula kilichopoa.

Hilo la moto lilijulikana barabara nzima. Dereva akikwama foleni, akishuka na sufuria yake apike kivulini chini ya daraja, hata kuni hazijashika, tayari Andongwisye ameshafika mbio, filimbi mdomoni, mikono hewani.

"Zima! Zima hapo! Chuma kikiungua hakipigi kelele, kinakuja kukuangukia tu!"

"Ba mudala, mzee wangu, ni moto mdogo tu," alijitetea siku moja Lucky, dereva wa Zambia aliyekuwa akipita njia hiyo kila baada ya wiki mbili. "Nsima ya mtu mmoja, kaugali tu."

"Hata uwe wa nusu mtu. Zima."

Mwezi wa tano mwaka jana gari jeupe lilisimama darajani, akashuka msichana mwenye kofia ngumu na koti la kung'aa, akamwamkia Andongwisye vizuri, akajitambulisha kuwa ni Injinia Goodness kutoka kwenye mradi wa kupima madaraja. Akasema wamekuja kufunga sensa chini ya daraja.

Andongwisye alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, mmechelewa. Sensa ilishapita. Mimi na mama Tulinagwe tulihesabiwa, na karani alikunywa chai kwetu. Halafu huko chini hakuna anayeishi."

Goodness alicheka mpaka kofia ikamtoka, ndipo akatafuta neno jingine. Vihisi, alisema. Vitu vya kuhisi. Alitoa kwenye mkoba uzi mwembamba kuliko unywele, akaunyanyua juani, nao ukameremeta.

"Huu ni uzi wa kioo, mzee. Kila mahali tunapotaka kupima, ndani ya uzi kumechorwa mistari midogo, maelfu, huwezi kuiona. Tunapitisha mwanga. Mwanga wote unakwenda zake, isipokuwa rangi moja, hiyo inagonga mistari inarudi. Lori likipita juu, chuma kinavutika. Uzi tumeugandisha kwenye chuma, kwa hiyo nao unavutika, mistari inaachana kidogo, na rangi inayorudi inabadilika. Tukiipima hiyo rangi tunajua daraja limebeba mkazo kiasi gani."

"Chuma kile kinavutika?" Andongwisye aliuliza, kama mtu aliyeambiwa mchungaji wake anacheza pulu baa.

"Kidogo sana. Chukua chuma cha kilomita moja, kiongeze urefu milimita moja tu. Hiyo uzi huu unaisikia."

Andongwisye alitafakari. Milimita moja katika kilomita nzima. "Mke wangu ana masikio ya namna hiyo," alisema.

Goodness akaendelea kueleza, na kwa bahati mbaya ilikuwa imetimia saa sita na dakika arobaini. Alisema uzi ule una udhaifu mmoja: haujui tofauti kati ya kuvutwa na kupata joto, yote mawili huubadilisha rangi. Kwa sababu hiyo kila mahali wameweka vihisi viwili jirani. Cha kwanza kimegandishwa kwenye chuma, kinasikia mvuto na joto kwa pamoja. Cha pili kimo ndani ya kibomba cha bati kinachoning'inia, hakivutwi na kitu, kinasikia joto peke yake. Kompyuta inatoa la pili kwenye la kwanza, na linalobaki ndilo mkazo wenyewe.

"Umenielewa, mzee Kibona?"

"Vizuri kabisa," alijibu Andongwisye, ambaye tangu neno "udhaifu" alikuwa anafikiria kama Tulinagwe ametia vitunguu.

Watu wa mradi walipoondoka, hakukuwa na mwalimu wa nyuzi za kioo kama yeye kuanzia Mpemba mpaka mpakani. Kanisani aliwaambia wazee wenzake kwamba daraja sasa lina hisia. Madereva aliwaonya kwamba uzi unawasikia. Lucky akauliza kwa wasiwasi kama unaona pia kilichomo ndani ya turubai, naye Andongwisye, kwa kuwa hakujua, akakunja uso na kukaa kimya, na kuanzia siku hiyo Lucky alipita daraja lile polepole kama anayeingia msikitini na viatu mkononi. Nyumbani Tulinagwe alisikiliza habari za mkazo wa daraja wiki nzima, mwishowe akaweka mwiko chini.

"Mimi nina mkazo miaka thelathini na moja katika nyumba hii," alisema, "na sijaona injinia akinifunga hata kamba ya katani."

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake, ile ya upepo unaopenya hata kwenye matundu ya vifungo. Wiki hiyo hiyo kifuniko cha hotipoti ya Andongwisye kikapasuka. Tulinagwe akakifunika chakula kwa sahani na khanga, lakini ikifika saa saba maharage yalikuwa yameganda kama lami. Andongwisye alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kazini na jiko la mkaa, lile dogo la kupikia uji wa mtoto.

Alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu mkubwa, njia nzima. Moto ni nini? Moto ni kuni, moshi, na makelele ya madereva. Jiko ni nini? Jiko ni chombo cha nyumbani. Na yeye ndiye mlinzi. Mlinzi akiwa na jiko, basi hata jiko lenyewe linalindwa.

Mahali palikuwa pameshajiandaa. Pale ukingo unapopanda kukutana na daraja palikuwa na kizingiti cha zege mfano wa meza, kimekingwa upepo, na mhimili wa tatu ukipita juu yake, kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa. Kando ya mhimili kilining'inia kile kibomba cha bati. Buti za Andongwisye zilikuwa zinavuja, na kila asubuhi alipokagua nguzo ndani ya kijito alitoka na soksi zimelowa. Kwa hiyo kila saa saba alisuuza soksi zake, akazitundika kwenye kibomba, akawasha jiko, akabandika sufuria, akakaa pekupeku akingoja harufu. Alimshukuru Mungu kwa mradi ule. Hata kamba ya kuanikia walikuwa wameikumbuka.

Baada ya wiki moja simu yake iliita.

"Shikamoo mzee Kibona."

"Marahaba, Injinia. Daraja halijambo, na mimi sijambo."

"Mzee, saa saba mchana kunapita nini hapo? Mhimili wa tatu unavutika kama umebebeshwa malori matatu kwa mpigo. Na haurudi mpaka saa nane."

"Saa saba?" Andongwisye alishangaa kutoka moyoni. "Saa saba mimi niko hapo hapo. Ni saa tulivu kuliko zote."

"Ni kila siku. Isipokuwa Jumapili."

Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini hilo halikumjia kabisa. Kilichomjia ni kwamba kitu kinachopumzika Jumapili ni kitu chenye dini.

Jioni alimweleza Tulinagwe. Mke akafikiri.

"Angalau tumejua si Msabato," alisema.

Andongwisye aliapa kumkamata. Kesho yake alilisogeza jiko lake karibu zaidi, moja kwa moja chini ya mhimili wenyewe, ili aukodolee macho bila kupepesa huku anakula. Mhimili haukufanya kitu. Ulikaa tu pale juu, mweusi, una joto joto, kama chuma kingine chochote. Alipomaliza kula alimpigia Goodness kumpa taarifa kwamba leo hakikupita hata kipepeo.

"Mzee," Goodness alisema, sauti imebadilika, "leo ni malori matano."

Basi akaongeza ulinzi. Na kwa kuwa ulinzi ule ulikuwa wa kuchosha, Tulinagwe akaanza kumfungia nyama ya mbuzi badala ya maharage, apate nguvu. Nyama ya mbuzi, hasa ya yule beberu wa bucha la pale Mpemba, haiivi kwa dakika ishirini. Ilihitaji mkaa wa kutosha na subira.

"Leo limekaa mpaka saa tisa na nusu!" Goodness alipiga kelele kwenye simu.

"Linazidi kunenepa hilo," Andongwisye alijibu, mfupa mdomoni. "Lakini nipo. Sibanduki hapa."

Alhamisi ya wiki iliyofuata yalikuja magari matatu. Akashuka bosi wa Goodness, Injinia Bugalama, mtu wa Kahama, mrefu, mwenye sauti ya chini ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kupaza. Alikuwa amejenga madaraja miaka ishirini na miwili, na usiku mzima wa jana hakulala kwa ajili ya hili. Alimshika Andongwisye mkono kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa hukutoroka kituo hata siku moja, mzee wangu."

"Siwezi kuliacha peke yake," alisema Andongwisye, machozi yakimlengalenga.

Ilipofika saa saba kasorobo, Bugalama akaamuru malori yasimamishwe pande zote mbili. Foleni ikajaa, honi zikalia, madereva wakashuka kutazama. Kompyuta ikawekwa juu ya boneti ya gari, katikati ya daraja lisilo na lori hata moja.

"Sikilizeni," Bugalama alisema. "Tusibadilishe kitu. Kila mtu wa hapa afanye kile anachofanya siku zote saa hizi. Hasa wewe, mzee."

Andongwisye alipiga saluti. Alikuwa amepewa amri na mtu mzito kuliko wote aliowahi kuwaona, naye aliitii kwa herufi zake zote. Alishuka chini. Akasuuza soksi. Akatundika. Akawasha jiko. Siku hiyo yalikuwa maharage tena, na vitunguu vipya kutoka mashamba ya Hasamba alivyovikaanga kwanza, kwa heshima ya wageni.

Juu, mstari kwenye kompyuta ulikuwa umelala. Kisha ukajikuna. Kisha ukaanza kupanda.

"Umeanza," Goodness alinong'ona.

"Daraja ni tupu," alisema Bugalama.

"Lori moja. Lori moja na nusu. Mawili."

"Ya nini? Yako wapi?"

"Matatu, Injinia!"

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, Bugalama alipaza sauti. "Wote tokeni darajani! Tokeni! Tokeni!"

Mafundi wakakimbia. Madereva, ambao hata hawakuwa darajani, wakakimbia pia. Kule chini Andongwisye alisikia vishindo, akajua kitu kimekuja, akaikumbatia sufuria kwa kofia yake na kuchomoka pekupeku mpaka barabarani, filimbi ikilia kila alipohema.

"Mmekiona? Kina rangi gani?"

Goodness alikuwa amesimama ukingoni, kompyuta kifuani. Pua yake ikacheza. Akamgeukia.

"Nani anapika?"

"Mimi. Lakini si sasa, mwanangu, okoa maisha yako kwanza!"

Goodness alitazama sufuria. Akatazama miguu mitupu ya mzee. Kisha akampa Bugalama kompyuta, akateremka chini. Ilipita dakika nzima kabla sauti yake haijasikika.

"Injinia! Naomba unisomee!"

"Matatu na nusu," Bugalama alisoma.

Goodness akaishika soksi moja kwa ncha za vidole viwili, akaiondoa kwenye kibomba. Akaondoa na ya pili. Akangoja.

"Unashuka!" alisema Bugalama. "Matatu. Mawili na nusu."

Akazirudisha zile soksi zikidondosha maji.

"Unapanda!"

Akaziondoa.

"Unashuka!"

Madereva sasa walikuwa wamerudi na kujipanga ukingoni, na kila mstari uliposhuka walishangilia, ulipopanda wakaguna, kama wako uwanjani. Mwisho Goodness aliliinua jiko kwa vishikio, akalipeleka mbali, mchangani kando ya maji. Mstari ukateremka taratibu mpaka ukalala ulipokuwa umelala asubuhi.

"Mzee Kibona," alisema alipopanda, soksi mkononi, "hapa chini kuna moto."

"Si moto," Andongwisye alisema. "Ni jiko."

Alilisema kwa nguvu, halafu akalisikia lilivyotoka. Alitazama soksi. Akatazama kule chini. Maneno ya mwezi wa tano yakaanza kumrudia moja moja, kama abiria waliochelewa: uzi hautofautishi kuvutwa na joto, cha kwanza kinasikia vyote, cha pili kinasikia joto tu. Na cha pili alikuwa amekivalisha soksi mbichi, kikaona baridi, wakati cha kwanza kinabanikwa. Kompyuta ikatoa baridi kwenye joto, ikapata malori matatu.

"Ni mimi," alisema polepole. "Yale malori ni mimi."

Kisha Lucky, ambaye kwa bahati yake alikuwa wa nne kwenye foleni, aliweka mikono kiunoni.

"Ba mudala," alisema kwa uchungu wa miezi mingi, "nsima ya mtu mmoja!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka sokoni Mpemba. Andongwisye hakucheka. Aliiweka sufuria chini, akavua filimbi shingoni, akamkabidhi Bugalama kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Alikuwa amewafukuza watu kwenye daraja lile miaka tisa, na masikio yake yalikuwa ya moto kuliko jiko.

Bugalama aliishika ile filimbi, midomo ikimtetemeka, ikawa haijulikani ni hasira au kitu kingine. Alisema inabidi yaandikwe maelezo. Andongwisye akaandika pale pale juu ya boneti, kwa mwandiko wake wa kulala: *Mimi Andongwisye Kibona, mlinzi, nakiri kwamba kuanzia mwezi wa sita nimekuwa nikilivuta daraja kwa maharage, na siku tatu kwa nyama ya mbuzi. Soksi ni zangu. Sikutumwa na mtu. Daraja halina kosa.*

Bugalama alisoma mpaka "halina kosa," akageuka, akaenda kusimama nyuma ya gari, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa anafuta macho. Akamvisha Andongwisye filimbi yake shingoni.

"Uzi umefanya kazi," alisema. "Umekamata jozi ya soksi. Sijui chombo kingine kinachoweza. Lakini mzee wangu, nikisikia jiko tena—"

"Hutasikia," alisema Andongwisye.

Na hakusikia. Kibomba kilijengewa kizimba cha wavu, na Andongwisye akahamishia chakula chake kwenye banda la mama Enesi aliyekuwa anauza chipsi kando ya barabara, ambaye alimpashia sufuria bila neno, isipokuwa kila siku alimuuliza ni malori mangapi leo. Jina la Mzee Soksi lilimganda. Alikasirika mwezi mmoja, akalizoea, na mwishowe akaanza kulijibu.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, Goodness alikuwa darajani akibadilisha betri, akawaona Andongwisye na Tulinagwe wakija kutoka kanisani, mke mbele, mume nyuma. Tulinagwe alikuwa amevaa gauni lake la zambarau na kilemba. Alijibu salamu, akaenda moja kwa moja mpaka katikati ya daraja, akasimama wima.

"Nipime," alisema.

Goodness alitazama kompyuta. "Mama, mtu mmoja ni mwepesi mno. Mstari haujasogea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Tulinagwe alikasirika. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, na watu wengi walikuwa wameshamwambia hivyo. Alikanyaga kwa nguvu. Hakuna. Akamwita mume. Andongwisye akasogea, akasimama ubavuni kwake, tai imepinda.

"Turuke," Tulinagwe alisema.

"Mama Tulinagwe, watu wanapita."

"Wapite. Shika mkono. Moja, mbili, tatu!"

Wakaruka. Kitambi kikaruka, kilemba kikaruka. Dereva mmoja aliyekuwa anakaribia akafunga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Tena!" alipiga kelele Goodness, uso umekaribia kioo. "Rukeni tena, nadhani nimeona kitu!"

Wakaruka tena, juu zaidi, wakatua pamoja, na Goodness akaigeuza kompyuta waone wenyewe: katikati ya mstari ulionyooka, kimwiba kimoja, chembamba kama unywele.

Tulinagwe alikitazama kwa muda mrefu akihema.

"Hicho kikubwa ni changu," alisema, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kilikuwa kimoja tu.